Salamu za Mzee wa Saa

Jumamosi, 3 Mei

Mzee wa Saa amekufa. Amekufa leo jioni, mezani kwake, bisibisi mkononi. Bibi hajui. Kosa langu. Au sifa yangu, bado sijaamua.

Nieleze vizuri, maana nikizeeka nitaisoma shajara hii nikiwa nimesahau kila kitu. Mzee wa Saa si mtu wa kweli. Ni fundi saa katika tamthilia tunayoitazama mtandaoni mimi na Bibi, kwenye simu ya Mama yenye kioo kilichopasuka, tumeiegemeza kwenye kopo la sukari. Kila jioni wanapandisha sehemu mpya. Wahusika wanaongea lugha asiyoijua hata mmoja wetu. Maandishi ya Kiingereza yanapita chini mbio kama yanafukuzwa. Kazi yangu ni kuyawahi na kumwambia Bibi kwa Kiswahili, kwa sauti ya kila mtu. Bibi mwenyewe haoni. Jicho la kulia lina bendeji tangu afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho. La kushoto linangoja zamu yake, linaona mwanga tu.

Darasani nikiambiwa nisome aya moja nanong'ona mpaka mwalimu anauliza kama kuna mbu. Lakini mbele ya lile kopo la sukari mimi ni hakimu, mchumba, mama mkwe na askari wawili!

Babu alifariki mwaka jana, usingizini. Tangu hapo Bibi alikuwa mtu wa "ndiyo" na "hapana", basi. Alipoletwa kwetu kwa ajili ya jicho alilala ameuelekea ukuta, uji ukapoa kando yake. Ndipo siku moja nikafungua tamthilia, na yule fundi saa akakohoa kidogo kabla ya kuongea. Kikohozi cha Babu kabisa! Babu alikuwa hasemi jambo la maana bila kukohoa kwanza. Bibi akaketi. Akauliza huyo ni nani. Halafu akauliza uji uko wapi.

Kwa hiyo leo yule mzee alipoinamisha kichwa, na maandishi yakasema amekufa, mdomo wangu ukasema amesinzia.

Ingekuwa imeishia hapo! Lakini watu wakaanza kulia. Bibi akauliza wanalia nini. Nikasema wanamsindikiza, anasafiri ng'ambo kununua vipuri vya saa. Bibi akashangaa, vilio vyote hivyo kwa ajili ya vipuri? Nikasema anapendwa sana. Hapo Fundi Cherehani akadakia. Huyu ni jirani yetu, mjane, dirisha lake linatazamana na letu, na tamthilia ikianza huzima mashine yake ili asikie. Akapaza sauti kwamba mwanamume wa kuliliwa hivyo akiwa hai haonekani siku hizi, na akirudi aambiwe kwamba huku kuna mtu anashona vizuri na hana neno.

Bibi amemaliza bakuli lake. Kwa hilo nashukuru.

Sehemu ya mwisho ni Ijumaa. Mpango: kumweka hai marehemu mpaka Ijumaa, kisha arudi salama. Mtu mwenye akili hawezi kushindwa.

Jumapili, 4 Mei

Mpango una tundu. Bibi aliamka akiuliza kama msafiri amefika. Mtu akifika hutuma salamu, alisema. Asiyetuma salamu ama ni mgonjwa ama ana mwingine huko.

Jioni nikasubiri nafasi. Akatokea mwanasheria, akavaa miwani, akaanza kuusoma wosia. Nikamgeuza kuwa msafiri aliyetoka huko na salamu. Bahati mbaya wosia ulikuwa mrefu sana! Ikabidi na salamu ziwe ndefu. Mzee wa Saa anasema huko ni baridi. Amenunua sweta yenye mikono mirefu kuliko yake. Vipuri vipo lakini wauzaji wana maringo. Anaulizia watu wa nyumbani kama wanakula, na anasema asiye na hamu ya chakula aanze na kijiko kimoja, kijiko huita mwenzake.

Hicho cha kijiko nilikitunga papo hapo. Nilijisifu kimoyomoyo.

Bibi akatikisa kichwa. Akaomba aongezewe uji.

Mwanasheria alipomaliza, watoto wa marehemu wakakabana koo. Bibi akauliza kulikoni. Nikasema kila mmoja anataka yeye ndiye akampokee baba. Fundi Cherehani akasema hao ndio watoto, si hawa wa kwetu.

Mama alirudi kutoka hotelini anakofua mashuka, akakuta mabakuli mawili matupu. Akauliza nani amekula. Bibi akajibu ni yeye, kwani kuna kesi? Mama akageukia sinki, akafungua bomba, akaliacha litiririke muda mrefu. Hakuwa anaosha chochote.

Asante, mwanasheria. Asante, simu ya Mama, na mpasuko wako.

Jumatatu, 5 Mei

Adui amejitokeza! Ni binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa. Tunakaa naye, chumba kimoja, darasa moja. Anajiita Meneja kwa sababu ana rafiki anayeimba. Wana video moja ya muziki mtandaoni, waliyoirekodi uani kwetu kati ya kamba za nguo. Shuka la Mama linaonekana vizuri kuliko mwimbaji. Meneja hutazama video za muziki asubuhi na jioni, eti ni utafiti. Simu ni moja na bando la intaneti ni moja, kwa hiyo tamthilia yetu ni mwiba kwenye utafiti wake.

Leo nikiwa napiga pasi sare, akaja taratibu, akaniambia pole kwa msiba.

Nikajifanya sielewi. Akasema amesoma maoni ya watazamaji chini ya tamthilia. Dunia nzima inamlilia yule mzee, ila nyumba hii tu ndiyo inapokea salamu zake. Akasema siri ni mzigo, na mzigo hauendi bila mbebaji. Kama nataka abebe, basi tamthilia ikiisha simu iwe yake bila maneno, na nimwandikie insha ya keshokutwa.

Nikaunguza kola. Nikakubali.

Mada ya insha: "Msema kweli ni mpenzi wa Mungu."

Nimeiandika kwa moyo wote. Aya ya pili ilinigusa mno mimi mwenyewe, nikaipunguza makali.

Jumatano, 7 Mei

Bibi amebadilika. Asubuhi alijisuka mwenyewe kwa kupapasa. Alinitania kwamba mimi ni mume wake mdogo lakini siwezi hata kumletea kanga mpya, mwenzangu yuko ng'ambo anahangaika na vipuri. Nimefurahi mpaka nimechelewa shule.

Kisha akaleta tatizo. Salamu tunazipata, alisema, tena nzuri. Lakini sauti yake siku nyingi hajaisikia. Kwani huko alikokwenda hakuna simu?

Nikamwendea Meneja. Imebidi! Akasema nimwachie, mambo ya sauti ndiyo fani yake. Akatafuta kwenye video za muziki mpaka akapata mwimbaji mzee, mwenye ndevu nyeupe, anapiga gitaa barazani. Mpango: katikati ya tamthilia Meneja abonyeze, wimbo uanze, mimi niseme leo wanatuonyesha huko aliko Mzee wa Saa. Amealikwa harusini, wamemwomba aimbe.

Ilikwenda vizuri ajabu. Gitaa likalia. Mzee akaimba polepole. Fundi Cherehani akasema hakujua kama na kuimba anaimba, huyu mtu Mungu kampa vyote. Bibi akainamisha kichwa kusikiliza.

Ndipo tangazo likaingia! Mwanamke mwenye sauti kama king'ora, kwa Kiswahili safi, akisema madoa yote kwaheri, nguo nyeupe, jirani ashangae.

Meneja akabonyeza kila mahali. Mwanamke akaanza upya.

Bibi akauliza huyo ni nani. Nikasema ni mwenye nyumba aliyompangisha Mzee wa Saa. Akauliza mbona anajua Kiswahili. Nikasema watu wetu wako kila mahali. Fundi Cherehani akaja juu dirishani. Mwenye nyumba gani huyo anayemfulia mpangaji wake? Kwao hakuna kazi nyingine? Na hayo madoa kayaonea wapi?

Tukarudi kwenye tamthilia.  Bibi akasema sauti ya mzee imebadilika. Nikasema ni mafua. Akasema eeh, baridi ya ugenini. Akanipapasa kichwani mpaka kwenye sikio, akaliminya kidogo.

Nashukuru kwa mafua. Hayakuwahi kumfaa mtu namna hii.

Alhamisi, 8 Mei

Maafa. Daktari amesema bendeji inatolewa kesho asubuhi. Kesho! Siku ya sehemu ya mwisho! Bibi anasema Mungu hapangi ovyo, yaani kesho atamwona kwa jicho lake mwenyewe mzee akiingia mlangoni na mizigo yake.

Sikuweza kula. Bibi akanikumbusha habari ya kijiko kimoja.

Nimewaza. Bibi akiona hakuna mzee, ataelewa. Akielewa, atageukia ukuta tena. Nimewahi kuuona mgongo ule. Sitaki kuuona tena.

Mpango wa kwanza: simu isiwe na chaji. Nikaificha chaja ndani ya kiatu cha michezo cha Meneja, mahali asipotia mkono mtu mwenye pua. Mama akatafuta nyumba nzima. Fundi Cherehani akasikia vurugu, akapitisha chaja yake dirishani kwa ncha ya mti wa ufagio. Alisema tamthilia hii haikatiki kesho, labda akatike yeye. Ameshajishonea blauzi ya kumpokelea msafiri. Akatuonyesha. Ina mabawa mabegani.

Mpango wa pili: nipotewe na sauti. Bila mtafsiri hakuna hadithi, na bila hadithi mtu anaona watu tu wanaingia na kutoka, hajui nani kafa. Nimefunga kitambaa shingoni. Naongea kwa mikono. Mama ameniletea maji moto ya chumvi nisukutue, mara tatu, amesimama hapohapo kuhakikisha.

Shuleni mwalimu hakuona tofauti yoyote.

Ijumaa, 9 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi tulikwenda wote kliniki. Muuguzi akatoa bendeji. Bibi akapepesa, akatazama dari, akatazama feni, akatazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Halafu akanitazama mimi. Akasema kumbe mume wake mdogo ameota masharubu na hakuna aliyemwambia! Nikanyoosha mabega. Mama akasema ni kakao ya asubuhi, nikajifute. Bado ilikuwa siku nzuri. Bibi njiani alisoma kila kibao kwa sauti, mpaka cha "Usikojoe Hapa".

Sasa Meneja. Mchana, shuleni, mwalimu aliisifu ile insha, tena sana. Akamwita Meneja mbele aisome, kisha akamwomba aeleze maana ya "unyofu". Meneja alisema ni ugonjwa wa nywele. Darasa zima lilimcheka, na mimi nilicheka, bila sauti lakini mabega yalinisaliti. Aliniona.

Jioni tukaketi. Simu, kopo la sukari, Mama, Bibi na jicho lake jipya. Fundi Cherehani dirishani ndani ya mabawa yake. Nikaonyesha koo langu, nikaonyesha kitambaa, nikainua mikono kwa huzuni. Hakuna mtafsiri. Poleni.

Meneja akasimama. Akasema isiwe tabu, yeye Kiingereza kinapanda. Atatafsiri yeye, neno kwa neno, maana msema kweli ni mpenzi wa Mungu.

Na mimi sina sauti ya kukataa! Nilijichimbia kaburi kwa jembe langu mwenyewe.

Akaanza. Anatafsiri vibaya, bila kubadili sauti, lakini hakosei. Binti anafungua duka. Binti anafuta vumbi. Binti anasema, laiti baba angekuwa hai. Anasema tangu wamzike hajaingia humu.

 Fundi Cherehani akauliza baba yupi. Meneja akasema Mzee wa Saa, alikufa Jumamosi, huyu hapa alikuwa anawadanganya. Akaninyooshea kidole. Fundi Cherehani akashika kichwa, bawa moja likang'oka.

Nilimtazama Bibi. Nilikuwa nangoja ageuke.

Hakugeuka. Alimwambia Meneja akae chini, anatafsiri kama mtu anayesoma mita ya maji. Kisha akasema yeye anajua tangu Jumamosi.

Anajua! Akaeleza taratibu, macho kwenye simu. Katika duka lile saa zilikuwa zinagonga nyuma ya kila neno, tiki, tiki, tangu siku ya kwanza. Mtu asiyeona hana kazi nyingine ila kuzisikia. Mzee alipoinamisha kichwa nikasema amesinzia, saa zote zikanyamaza. Bibi akasema ameshawahi kuwa kwenye chumba kilichonyamaza namna hiyo, alfajiri, mwaka jana, akiwa amelala upande wa ukutani. Hilo halihitaji mtu wa kulisoma.

Mimi nilikuwa nasoma maandishi tu. Sijawahi kuzisikia hizo saa. Hata moja!

Meneja akauliza, sasa kama alijua, kwa nini aliniacha niongope wiki nzima? Bibi akasema ni kwa ajili ya salamu. Babu alisafiri miaka yote ya kazi yake na hakutuma salamu hata siku moja. Alikuwa anasema yeye mwenyewe ndiye salamu, akifika amefika. Na safari ya mwisho akaenda vilevile, bila neno. Basi wiki hii zilipoanza kuja, za baridi, za sweta, za kijiko kimoja, Bibi alizipokea. Alisema aliziona kama zilikuwa zimechelewa njiani tu.

Halafu akanigeukia, akaniuliza kama za leo zipo.

Kitambaa kilikuwa kinanibana. Nikakohoa. Wallahi sikukusudia! Kikatoka kikohozi kidogo, kikavu, na Bibi akashtuka, akashika goti langu. Nikasahau kwamba sina sauti. Nikasema kwa nguvu, nadhani mtaa mzima ulisikia, kwamba anasema amefika salama. Sweta imemkaa sawa siku hizi. Huko saa zote zinakwenda. Na anasema jicho limekupendeza, na uji usiachwe upoe.

Bibi akacheka, machozi yakamtoka. Daktari amekataza machozi. Mama akakimbilia matone ya dawa, akatia moja kwenye jicho na mengine kwenye shavu. Ndipo akakumbuka kunitazama, akasema mmeona maji ya chumvi yanavyofanya kazi?

Fundi Cherehani alifunga dirisha. Akalifungua tena kuniita muuaji. Akalifunga.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya shukrani na mageuzi.

Nashukuru kwa Bibi, ambaye leo alitembea mpaka getini peke yake, akamkosoa muuza mchicha. Nashukuru kwa Mama. Nashukuru hata kwa Meneja. Jana alipata chaja kwa kuvaa kiatu, na baada ya hapo tumepatana. Ameniomba nimweleze maana ya unyofu kabla ya Jumatatu, na Bibi ametazama video yao ya muziki mpaka mwisho, akasema shuka lile ni zuri.

Na nimeapa. Nimeapa nikiwa nimesimama, mkono juu ya kamusi: kuanzia leo natafsiri kilichoandikwa, si zaidi, si pungufu. Nimemwambia Bibi. Akasema vizuri, mume wangu.

Jioni tukaanza tamthilia mpya. Bibi amechagua mwenyewe kwa jicho lake, kwa sababu ina mbwa mkubwa wa kahawia, mwenye masikio mazito. Fundi Cherehani alifungua dirisha kidogo. Bado hasemi nami, ila aliiuliza hewa mbwa huyo anaitwaje. Mbwa alipobweka mara ya kwanza, nikamsikia akicheka peke yake. Kutoka kwake kioo hakionekani. Anasikia tu.

Sehemu ilipokaribia kuisha, mbwa akavuka barabara. Likaja lori.

Bibi aliona. Mimi niliona. Maandishi yakapita chini, mafupi, hayana utata wowote. Fundi Cherehani akauliza, mara hii akiniita kwa jina, mbona mbwa kanyamaza?

Nikakumbuka kiapo. Nikaikumbuka kamusi. Nikamtazama mjane wa watu dirishani, blauzi imeshonwa upya mabega.

Nikasema amepata kazi. Ulinzi. Mjini. Lori limemfuata.

Bibi akanigeuzia jicho lake jipya. Kisha akauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani, kama huko watampa na chumba.

Nikasema watampa.

Sasa nawaza. Sehemu ya mwisho iko mbali, na mbwa sharti atume salamu. Atazitumaje? Meneja anasema anajua video moja ya muziki yenye kubweka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tangazo ndani yake hatujaliona.